Mshipa Mdogo Ndio wa Kwanza Kulalamika: Sigara na Nguvu za Kiume

Hotuba hii ilitolewa mbele ya madereva na makondakta wa daladala na vijana wa bodaboda, Dar es Salaam. Tumeiweka yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa barabarani siku hiyo.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Asanteni kwa kuegesha magari. Najua gari likisimama saa moja, hesabu ya tajiri haisimami. Kwa hiyo sitazunguka. Nimekuja kuzungumzia sigara na nguvu za kiume. Na akina mama wachache mliopo hapa, tafadhali msiondoke, maana jambo hili likiingia nyumbani linawagusa watu wawili, si mmoja.

Nikimuuliza yeyote hapa sigara inaharibu nini, atanijibu: mapafu. Ni kweli. Atasema saratani. Ni kweli pia. Lakini kijana wa miaka 25 akisikia saratani ya mapafu anaona ni habari ya wazee, kitu cha miaka 40 ijayo. Anasoma onyo kwenye pakiti, anatoa kiberiti, anawasha. Leo naomba tuzungumzie kiungo ambacho hakuna mwanaume anayekiona kuwa ni habari ya miaka 40 ijayo.

Niulize hivi: uume husimama kwa nguvu ya nini?

Hakuna mfupa ndani yake. Hakuna msuli wa kuuinua, kama ule unaoinua mkono. Ndani kuna nguzo mbili za nyama laini zinazokwenda sambamba, na nyama hiyo imejaa vishimo vidogo vingi sana. Saa zote za kawaida, vimisuli vinavyozunguka vishimo hivyo vimejikaza, damu inapita kidogo tu. Mwanaume akipata hamu, ubongo unatuma taarifa kupitia uti wa mgongo, na ncha za neva zinaachia gesi inayoitwa naitriki oksaidi. Utando wa ndani ya mishipa ya damu nao unaachia gesi hiyohiyo. Gesi hii ina kazi moja hapa: inaviamuru vimisuli vilegee. Vikilegea, damu inaingia kwa wingi, vishimo vinajaa, nguzo zinatanuka. Na zinapotanuka zinaibana mishipa midogo inayorudisha damu, kwa hiyo damu iliyoingia haitoki. Nyinyi wa bodaboda mnalijua hili vizuri: tairi linahitaji upepo uingie wa kutosha, na vali izuie usitoke. Kimojawapo kikikosekana, tairi halibebi mzigo.

Shikeni jambo hilo moja. Uume husimama pale misuli ya ndani inapolegea. Si pale inapokaza. Pale inapolegea.

Sasa, nani aligundua kwamba mshipa wa damu unajitengenezea amri ya kulegea? Kulikuwa na mwanasayansi wa Marekani, Robert Furchgott, akifanya kazi Brooklyn, New York. Alikuwa akichukua vipande vya mshipa mkubwa wa sungura, anavitia dawa iitwayo asetilikolini, kisha anapima kama vinakaza au vinalegea. Kwa miaka mingi vipande vyake vilikuwa vinakaza. Halafu siku nyingine vikaanza kulegea. Mshipa uleule, dawa ileile, majibu mawili. Alipochunguza akakuta tofauti ilikuwa kwenye uandaaji. Vile vilivyokaza vilikuwa vimesuguliwa upande wa ndani bila kukusudia, utando wake mwembamba ukatoka. Vile vilivyolegea vilikuwa na utando mzima. Akachukua kipande kisicho na utando, akakibandika kwenye kipande chenye utando, na kile kilichokuwa hakilegei kikalegea. Maana yake utando unatoa kitu kinachovuka kwenda kwenye msuli. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1980. Baadaye ikathibitika kwamba kitu chenyewe ni naitriki oksaidi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Kwa nini ninawasimulia habari ya sungura wa Brooklyn? Kwa sababu kile alichokifanya Furchgott kwa kusugua mshipa bila kujua, moshi wa sigara unakifanya ndani ya mwili wako kila siku. Utando ule hautoki wote kwa mara moja, hapana. Unajeruhiwa, unavimba, unapungukiwa uwezo wa kutengeneza gesi. Na hata ile gesi kidogo inayotengenezwa, kemikali za moshi zinaishambulia na kuiharibu kabla haijafika kwenye msuli. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000. Utando wa mshipa ni safu moja tu ya seli. Safu moja, ndugu zangu.

Hilo ni la kwanza. Lipo la nikotini yenyewe. Ukivuta, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Mwili unaachia adrenalini, moyo unaenda mbio, mishipa midogo inasinyaa. Inasinyaa! Wakati huohuo uume unahitaji mishipa yake itanuke. Wapo wanaovuta sigara kabla ya kwenda kwa mke ili "kutuliza mawazo". Ubongo unaamuru legea, nikotini inaamuru kaza.

Msidhani hili ni nadharia ya darasani. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliwachukua wanaume 28 wenye afya njema, wasiovuta kabisa. Siku moja mtu alipewa jojo yenye miligramu 6 za nikotini, siku nyingine jojo isiyo na kitu, bila yeye kujua ipi ni ipi. Kisha wakapima kwa kifaa jinsi uume unavyoitikia. Siku ya nikotini mwitikio ulipungua kwa wastani wa asilimia 23. Na walipoulizwa kuhusu hamu yao, hamu ilikuwa palepale. Kichwa kinataka, damu haiji. Hao hawakuwa wavutaji. Hawakuwa wazee. Ilikuwa dozi moja tu.

Halafu kuna kaboni monoksaidi, gesi ileile inayotoka kwenye ekzosi za magari yenu. Inashika chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mvutaji wa kila siku anatembea na damu ambayo sehemu yake haibebi oksijeni. Nyama ile laini ya uume ikikosa oksijeni miaka na miaka, inaanza kujaa nyuzi ngumu za kovu, haitanuki tena vizuri, na ile mishipa ya kurudisha damu haibanwi ipasavyo. Hapo ndipo mwanaume anasema: "Inasimama, lakini haikai." Vali imeanza kuvuja.

Wazee wangu, naomba sasa tuzungumzie upana wa mishipa, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu hapa tunazungumzia uhai.

Mshipa unaopeleka damu kwenye uume una upana wa milimita 1 hadi 2. Mishipa inayolisha moyo ina milimita 3 hadi 4. Ile ya shingoni inayopeleka damu kwenye ubongo ina 5 hadi 7. Yote inatoka kwenye mti mmoja, inapitisha damu moja, inapata sumu moja. Uchafu ukianza kuganda kwenye kuta, upi utaziba mapema? Ule mwembamba. Mshipa mdogo ndio wa kwanza kulalamika.

Huko Milan, Italia, madaktari walifanya jambo rahisi sana. Walichukua wagonjwa 300 waliofika hospitali na maumivu makali ya kifua, na ambao vipimo vilithibitisha kuwa mishipa ya moyo imeziba. Wakawauliza swali ambalo daktari wa moyo kwa kawaida halimpiti mdomoni: vipi chumbani? Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Karibu nusu yao, asilimia 49, walikuwa na upungufu wa nguvu za kiume. Na kati ya hao, theluthi mbili walisema tatizo la chumbani lilitangulia lile la kifua. Lilitangulia kwa muda gani? Kwa wastani, zaidi ya miaka 3.

Miaka mitatu! Mwili ulipiga honi miaka mitatu kabla moyo haujabanwa. Na mwanaume alifanya nini katika miaka hiyo? Aliona aibu. Alinyamaza. Alinunua kitu mtaani. Aliendelea kuvuta.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiona uume hausimami vizuri kwa miezi 3 mfululizo, usianze na mganga, wala usianze kumshuku mkeo. Anza na presha, sukari na lehemu, yaani mafuta kwenye damu. Presha ya 140 kwa 90 kwenda juu inahitaji kufuatiliwa. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika milimoli 7.0 kwa lita, hiyo ni ya kisukari, na inarudiwa kupimwa kuthibitisha. Vipimo vya presha na sukari vinapatikana kwenye vituo vingi vya afya. Mwambie mhudumu ukweli: "Nguvu zimepungua, na ninavuta." Maneno manne tu.

Sisemi kila tatizo la nguvu za kiume ni sigara. Kisukari kipo, presha ipo, pombe ipo, kuna dawa zinazochangia, kuna msongo wa mawazo na ugomvi wa nyumbani. Kuna dalili inayosaidia kutofautisha. Kama asubuhi unaamka uume umesimama kama zamani, lakini ukiwa na mtu hausimami, na tatizo lilianza ghafla, yawezekana zaidi mishipa iko salama na mzigo uko kwenye mawazo. Kama hata ule wa asubuhi umepotea polepole, mwezi baada ya mwezi, angalia mishipa. Dalili hii haichukui nafasi ya daktari, lakini inakupa pa kuanzia.

Na sigara ina uzito gani katika haya yote? Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, wanaume wa miaka 40 hadi 70 walihojiwa na kupimwa mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha wakafuatiliwa tena katikati ya miaka ya 1990. Kati ya wale ambao mwanzoni hawakuwa na tatizo, wasiovuta waliopata upungufu wa kati au mkubwa walikuwa asilimia 14. Wavutaji walikuwa asilimia 24. Mwaka 2014 Mganga Mkuu wa Marekani akaandika katika ripoti yake rasmi kwamba ushahidi unatosha: uvutaji unasababisha upungufu wa nguvu za kiume. Unasababisha. Hakuandika "huenda".

Nasikia mtu huko nyuma anajisemea: mimi navuta chache. Haya, tupige hesabu pamoja. Chukua idadi ya sigara zako kwa siku, gawa kwa 20, kwa sababu pakiti ina 20, kisha zidisha kwa miaka uliyovuta. Anayevuta 10 kwa siku kwa miaka 20 anapata 10, yaani amebeba mzigo sawa na wa aliyevuta pakiti moja kila siku kwa miaka 10. Mwaka mmoja wa sigara 10 kwa siku ni sigara 3,650. Mnaonunua mojamoja kwa muuza karanga ndio msiojua idadi yenu kabisa, kwa sababu hakuna pakiti ya kuwahesabia. Kadiri mzigo unavyokua, ndivyo hatari inavyokua, na ndivyo urejeo unavyokuwa mgumu.

Na shisha? Vijana wengi wanaamini maji yanachuja. Maji yanapoza moshi. Hayaondoi kaboni monoksaidi, na mkaa wa juu unaiongeza. Mtu anakaa na shisha saa nzima, anavuta pumzi ndefu kwa makumi, na moshi anaouingiza kifuani unaweza kufikia wa sigara 100. Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016, Kenya na Rwanda zikafuata Desemba 2017. Ugoro na kuberi havina moshi, lakini nikotini ni ileile mliyoisikia Texas, na mdomo nao unapata saratani.

Sasa niseme kuhusu dawa za mtaani, kwa sababu najua zinapita mpaka kwenye vituo vyenu. Vumbi la Kongo, mikuyati, vidonge vya bluu visivyo na boksi. Mnajua vidonge vya bluu vilipatikanaje? Kampuni ya Pfizer, huko Sandwich, Uingereza, ilikuwa inatafuta dawa ya maumivu ya moyo. Dawa ikaitwa sildenafili. Kwenye moyo haikufanya makubwa, lakini waliojitolea kuijaribu wakaanza kuripoti kwamba uume unasimama vizuri. Machi 1998 ikaruhusiwa Marekani kwa jina la Viagra.

Sikilizeni inavyofanya kazi, maana hapa ndipo wengi wanapotapeliwa. Sildenafili haitengenezi naitriki oksaidi. Gesi ile ikishatoa amri, ndani ya msuli kunazaliwa kemikali ya kulegeza, na kwa kawaida mwili unaivunja baada ya muda. Sildenafili inazuia isivunjwe haraka. Basi. Kama utando wa mshipa umeunguzwa na moshi mpaka hautoi gesi ya kutosha, kidonge kinalinda kitu ambacho hakipo. Ndiyo maana mvutaji wa miaka mingi anameza nusu, hakuna kitu. Anameza kizima, kidogo. Anameza viwili, kichwa kinamuuma, macho yanaona bluu, na uume bado. Anaamini dawa ni feki. Wakati mwingine ni feki kweli. Wakati mwingine tatizo ni mshipa.

Dawa hii kwa maelekezo ya daktari ni dawa nzuri, siipingi. Lakini anayetumia dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, zile za jamii ya naitreti, akichanganya na sildenafili presha inaweza kushuka mpaka akafa. Na zile unga na chupa zisizo na maandishi? Wakaguzi wa dawa katika nchi mbalimbali wamekuta mara nyingi dawa za "miti shamba" zimetiwa sildenafili kwa siri, kwa kipimo asichokijua muuzaji wala mnunuzi. Unakunywa "mizizi", kumbe unakunywa kidonge usichokijua kiasi chake. Na uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulala, usisubiri asubuhi, usione fahari. Kimbia hospitali, maana damu iliyokaa humo inaua nyama.

Nije kwenye watoto.

Fikirieni nyumba ambayo miaka miwili imepita bila mimba. Nani anaambiwa akapime? Mke. Nani anapelekwa kwa waganga, anasemwa na wifi, anatishiwa kuletewa mke wa pili? Mke. Mume anakaa kibarazani na sigara yake, hakuna anayemuuliza. Ndugu zangu, katika karibu nusu ya nyumba zinazokosa mtoto, upande wa mwanaume una mchango. Nusu! Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya tafiti 20 na wanaume 5,865, ulionyesha kwamba wavutaji wana mbegu chache zaidi na zinazoogelea kwa udhaifu zaidi. Tena moshi unaleta madini ya kadimiamu na kemikali zinazokatakata vinasaba ndani ya kichwa cha mbegu. Mbegu inaweza kuonekana nzima kwenye hadubini na bado mzigo iliobeba umevunjika.

Habari njema ni kwamba mbegu hutengenezwa upya. Kutoka mwanzo hadi mbegu kukamilika na kusafiri ni kama miezi 3. Maana yake mbegu utakayotoa miezi 3 baada ya kuacha haikutengenezwa ndani ya moshi wako. Mnaotafuta mtoto, anzeni kuhesabu hapo. Na ukienda kupima, fuata masharti: kaa bila kutoa mbegu siku 2 hadi 7, usizidishe wala usipunguze, toa zote kwenye kopo safi la maabara, bila kutumia kondomu ya kawaida wala mafuta, kwa sababu vinaua mbegu, kama umetolea nyumbani, fikisha ndani ya saa moja, kopo likiwa karibu na mwili lisipoe. Kipimo kimoja kibaya hakitoshi kutoa hukumu. Rudia baada ya wiki kadhaa.

Je, ukiacha, nguvu zinarudi?

Hili ndilo swali, sivyo? Nitawajibu kwa ukweli, sitawauzia ndoto. Kule Iran, madaktari walifuatilia wavutaji 281 wenye upungufu wa nguvu za kiume waliotaka kuacha. Waliofanikiwa kuacha walikuwa 118. Walioendelea walikuwa 163. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Baada ya mwaka mmoja, angalau robo ya walioacha walikuwa na nafuu inayopimika. Na walioendelea? Hakuna hata mmoja. Sifuri kati ya 163.

Robo si wote. Nani walipata nafuu zaidi? Wale wenye umri mdogo na wale ambao tatizo halijawa kubwa. Aliyevuta miaka 30 na mishipa imeshaganda, kuacha huenda kusimrudishie kila kitu, lakini kunasimamisha uharibifu na kunaipa dawa ya daktari nafasi ya kufanya kazi. Aliye na miaka 28 na ameanza kuona dalili, mlango uko wazi kabisa. Mlango huu hausubiri, kijana wangu. Kila mwaka unaoongeza unausukuma ufungwe.

Kuna daktari Mwingereza, Richard Doll. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akiwahoji wagonjwa wa saratani ya mapafu pamoja na mwenzake Bradford Hill, na mwanzoni wengine walidhani sababu ni lami ya barabarani au moshi wa magari. Takwimu zilipoanza kuonyesha sigara, Doll hakusubiri kuchapisha. Aliacha kabla utafiti haujaisha. Kisha kuanzia mwaka 1951 wakafuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000 kwa miaka 50. Waliovuta maisha yao yote walipoteza wastani wa miaka 10 ya kuishi. Walioacha wakiwa na miaka 60 waliokoa miaka 3. Wakiwa na 50, miaka 6. Wakiwa na 40, miaka 9. Wakiwa na 30, karibu yote 10. Doll mwenyewe aliishi mpaka miaka 92.

Basi tufanyeje? Nisikilizeni polepole hapa, na wenye simu rekodini.

Anayejaribu kuacha kwa nguvu ya roho peke yake, bila msaada wowote, mara nyingi hurudi. Kati ya watu 100, watatu hadi watano tu ndio huwa bado hawajavuta baada ya mwaka. Hii si kwa sababu ni dhaifu. Nikotini imebadilisha ubongo, na ubongo unadai. Kwa hiyo jipange. Chagua siku ndani ya wiki 2 zijazo. Si "mwaka mpya", si "baada ya Ramadhani". Tarehe. Mwambie mkeo, mwambie konda wako, mwambie dereva mwenzako mnayewashiana. Siku tatu kabla, andika kila sigara: saa ngapi, uko wapi, kwa nini. Utaona kwamba si zote sawa. Kuna ile ya asubuhi na chai, ile ya kusubiri abiria, ile ya foleni ya jioni, ile ya bia. Kila moja iandalie kitu chake. Ya chai: kunywa chai ukiwa umesimama mahali pengine, au badilisha, kunywa uji. Ya foleni: ondoa kiberiti na kisahani cha majivu kwenye gari, weka chupa ya maji na karanga. Ya bia: wiki 4 za kwanza acha bia, kabisa. Nasisitiza hilo la bia, maana wengi wanaoshinda siku 10 wanaanguka baa siku ya 11.

Uliza duka la dawa au hospitali kuhusu dawa za kusaidia. Zipo plasta za nikotini, ipo jojo ya nikotini, vipo vidonge vya vareniklini na bupropioni ambavyo ni vya kuandikiwa na daktari. Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku, na zote hizi zimo. Anayevuta zaidi ya 10 kwa siku huanza na plasta ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Bandika asubuhi sehemu kavu isiyo na nywele, kesho hamisha upande mwingine. Jojo: kama sigara yako ya kwanza ni ndani ya nusu saa tangu uamke, tumia ya miligramu 4, kama ni baadaye, 2. Na usiitafune kama jojo ya dukani! Hapa ndipo wengi wanapokosea. Itafune polepole mpaka usikie ukali, iweke kati ya shavu na fizi itulie mpaka ukali uishe, tafuna tena, hamisha upande. Nusu saa hivyo. Ukiitafuna mfululizo unameza nikotini, tumbo linachafuka, kwikwi zinakuja, halafu unasema dawa mbaya. Dakika 15 kabla, usinywe soda wala kahawa, maana vinazuia nikotini kupita mdomoni.

Mtu makini ataniuliza: si umesema jojo ya nikotini ilipunguza nguvu kule Texas? Swali zuri. Ndiyo, nikotini yoyote inasinyaza mishipa. Lakini dawa hizi hazina moshi wala kaboni monoksaidi, dozi inashuka wiki hadi wiki, na baada ya miezi 2 au 3 imekwisha. Sigara haina wiki ya mwisho. Watafiti wa Texas walewale baadaye waliwafuatilia wavutaji waliotumia plasta kuacha, na waliofanikiwa walikuwa na mwitikio bora wa uume kuliko waliorudia kuvuta.

Siku 3 za kwanza ndizo ngumu kuliko zote. Utakuwa na hasira, usingizi utakatika, njaa itaongezeka, abiria atakuudhi kwa jambo dogo. Waambie nyumbani mapema ili wasidhani unawachukia. Kufikia wiki ya 2 hadi ya 4 hali hupungua sana. Na kiu ya sigara, hata ikija kwa nguvu, hukaa dakika chache tu, tatu, tano, kisha hupita. Hupita hata usipovuta. Ikija, subiri, vuta pumzi ndefu, kunywa maji, fanya kitu kwa mikono. Ukiteleza ukavuta moja, usimalizie pakiti kwa kusema "nimeshaharibu". Tupa iliyobaki, endelea na siku ileile. Walioacha kwa kudumu, wengi wao walijaribu zaidi ya mara moja.

Na mwili unakulipa haraka kuliko unavyodhani. Dakika 20, mapigo ya moyo yanaanza kushuka. Siku moja au mbili, kaboni monoksaidi imetoka kwenye damu. Wiki 2 hadi 12, mzunguko wa damu unaboreka. Miezi 3, mbegu mpya. Mwaka mmoja, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo uliyokuwa nayo kama mvutaji imepungua nusu.

Akina mama mliobaki, neno moja tu. Mume akiacha, msimhesabie siku kwa kumkejeli, na msimpime nguvu zake wiki ya kwanza. Moshi wake umekuwa ukiingia vifuani mwenu na mwa watoto pia, kwa hiyo ushindi wake ni wenu.

Meza ya presha na sukari iko pale karibu na geti, wahudumu wawili wameshakaa. Wazee waanze, halafu wenye magari yanayotoka zamu ya mchana. Kwenye meza ya pili kuna karatasi ndogo zenye nafasi ya tarehe: chukua moja, andika siku yako ya kuacha, ukunje uweke kwenye leseni. Mwenye swali asilotaka kuliuliza hadharani, nitakuwa chini ya ule mwembe mpaka mtu wa mwisho aondoke.